Serikali Huambiwa, Ikasikia?

Wako wenzetu, na si wachache, ambao kila waonapo watu wameshika mabango barabarani hucheka kidogo na kusema: "Watapiga kelele, jua litawachoma, watarudi makwao. Serikali ikishaamua imeamua." Ni maneno ya watu waliochoka, wala siwalaumu. Aliyepeleka malalamiko ofisini akaambiwa bwana mkubwa hayupo, akarudi akaambiwa faili halionekani, utamwambiaje kwamba safari ya tatu atapokewa kwa chai? Lakini uchovu si hoja. Tunayo mambo yaliyotokea hapa hapa Kenya, mbele ya macho yetu au ya wazazi wetu, na hayo ndiyo yatuamulie.

Mwaka 1989 zilitoka habari kwamba ndani ya Uhuru Park, Nairobi, mahali ambapo mtu asiye na nauli ya kwenda mbali hujinyoosha majanini Jumapili na wanawe, pangejengwa jumba la orofa 60. Lingekuwa makao ya gazeti la Kenya Times, na mbele yake ingesimama sanamu ya Rais Moi. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Bunge zima lilikuwa la KANU. Gazeti lenyewe lilikuwa la KANU, kwa ubia na tajiri wa Uingereza, Robert Maxwell. Katika hali hiyo mlalamikaji alalamike kwa nani?

Profesa Wangari Maathai aliketi akaandika barua. Aliwaandikia wenye gazeti, akaiandikia Ofisi ya Rais, tume iliyokuwa ikiendesha jiji, mkuu wa mkoa na wizara ya mazingira. Hakuishia hapo. Aliyaandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNEP na UNESCO, na balozi wa Uingereza naye akapata yake, akikumbushwa juu ya Hyde Park ya kwao London. Hakuwa na bunduki wala umati. Alikuwa na anwani.

Majibu aliyoyapata yangemnyamazisha mwingine. Wabunge waliacha shughuli zao wakakaa kumjadili, wakamkejeli hata kwa talaka yake, kana kwamba talaka na bustani ni jambo moja. Mahakama Kuu ikaitupa kesi aliyoifungua kuzuia ujenzi, kwa kuwa, kwa maoni ya jaji, hakuwa na haki ya kushtaki juu ya jambo lisilomdhuru yeye binafsi. Tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, Rais mwenyewe akasimama akasema mwanamke afuataye desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake, Green Belt Movement, likatimuliwa katika ofisi za serikali, likaenda kufanyia kazi nyumbani kwake.

Kwa hesabu ya wale wanaocheka, habari ilikwisha hapo. Lakini mdharau mwiba, mguu huota tende. Habari za barua zile zilikuwa zimefika mahali ambapo kejeli za bungeni hazifiki: kwa wenye fedha. Jumba lile lilitegemea mamilioni ya dola kutoka nje, na waliotarajiwa kuyatoa hawakupenda kutajwa magazetini mwao kama watu waliowafungia raia bustani. Mwaka 1990 mradi ukapunguzwa kimo, kisha ukalala. Mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushiwa kiwanja ukabomolewa. Bustani ipo hadi leo.

Nimekaa sana juu ya kisa hiki kwa sababu hakuna aliyeongoka ndani yake. Sijasoma popote kwamba waziri fulani alifungua bahasha, akaona haya, akabadili nia. Kilichobadilika ni gharama ya kuendelea. Basi tusidanganyane, ndugu zangu: serikali si mzee wa ukoo ambaye ukimlilia vizuri moyo wake hulainika. Ni watu wenye saini. Mmoja hutia saini mkopo, mwingine leseni, mwingine mswada, na kila mmoja anacho anachokiogopa. Mlalamikaji asiyejua saini iko mkononi mwa nani atakesha akiimba mlangoni pa nyumba isiyo na mtu.

Watu wa Lamu waliijua. Ilipotangazwa kwamba Kwasasi, upande wa bara, si mbali na mji wa kale, kitajengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, wavuvi na wazee wa mji waliandamana, ndiyo, na mabango yalikuwepo. Lakini NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ilikwisha kutoa leseni mwaka 2016, na leseni haifutwi na bango. Wakaikatia rufaa mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira. Hapo wakaulizwa mambo makavu: mliitwa mikutanoni lini? Mlionyeshwa nini? Ikabainika kwamba mikutano iliyoitwa "kushirikisha umma" ilifanyika kabla ripoti ya athari za mradi haijakamilika. Watu waliitwa kutoa maoni juu ya kitu ambacho hawakukiona. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Jambo mojawapo lililoangusha mradi wa mabilioni lilikuwa tarehe za mikutano.

Angalieni pia tofauti iliyopo kati ya kesi hizo mbili. Mwaka 1989 raia aliambiwa hana haki ya kushtaki kwa niaba ya wote. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 22 na 258, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa manufaa ya umma, na kifungu cha 37 kinampa haki ya kukusanyika, kuandamana kwa amani bila silaha, na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Haki hizo hazikushuka kama mvua. Baadhi ya waliozipigania walizipigania ndani ya Uhuru Park ile ile, mwaka 1992, akina mama waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi, wakahamia Kanisa la All Saints, na wakakaa humo hadi wafungwa walipoanza kuachiliwa.

Sasa mtaniuliza: na Juni 2024 je? Pale barabara ilifanya kazi ambayo barua hazikuifanya. Tarehe 18 Juni, siku ile ile vijana walipoingia mitaani kuupinga Mswada wa Fedha, wabunge wa upande wa serikali walitangaza kuondoa kodi ya mkate ya asilimia 16 na ile ya magari ya asilimia 2.5. Tarehe 25 Bunge likaupitisha mswada huo kwa kura 195 dhidi ya 106, na waandamanaji wakaingia ndani ya majengo yake. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini. Asiyeita hayo ushawishi ana kamusi yake mwenyewe.

Lakini gharama yake tuitaje kwa sauti. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu waliouawa katika miezi ile kuwa zaidi ya 50. Wengi wao walikuwa vijana ambao hawakubeba kitu ila simu na chupa ya maji. Aliyewaua waandamanaji hana udhuru, na wale wahuni walioingia kati kupora maduka waliwapa wauaji kisingizio. Kisha, mitaa ilipotulia, mwezi Desemba mwaka ule ule, zilitiwa saini sheria mpya za kodi zilizorudisha sehemu ya yale yaliyokataliwa Juni. Safari hii hapakuwa na msongamano Kenyatta Avenue. Hapo ndipo mimi hugombana na vijana wetu, kwa mapenzi: walimshinda mwenye nyumba mlango wa mbele, wakaenda kulala, na mlango wa uani ulikuwa wazi.

Lipo na lile la ombi kushindwa kabisa. Kirilo Japhet wa Meru, Tanganyika, alikwenda New York mwaka 1952 kuueleza Umoja wa Mataifa jinsi watu wake walivyofukuzwa Engare Nanyuki ili walowezi wapate malisho. Alisikilizwa kwa heshima, kisha azimio likakosa theluthi mbili za kura. Alirudi mikono mitupu. Ila aliporudi alizunguka nchini kusimulia aliyoyaona, na Mtanganyika aliyekuwa hajui kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa mbele ya mataifa akajua. Miaka mitatu baadaye, Machi 1955, Mwalimu Nyerere naye alipita njia ile ile kwa niaba ya TANU.

Kwa hiyo, enyi mlio na hasira, na sababu za hasira zipo, fanyeni kazi isiyopigwa picha. Ombi liwe na jambo moja, si kumi na tano. Litaje kifungu, kiwanja, namba ya leseni. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itunzwe na watu zaidi ya mmoja. Aliyelipokea aulizwe kila mwezi amelifikisha wapi, tena kwa maandishi. Na kama hapana budi kutoka, basi tutoke tukiwa na waraka huo mkononi, ili atakayeulizwa na mwandishi wa habari "mnataka nini?" asianze kutafuta jibu.

Kalenda ya kodi nayo haina siri. Kwa sheria, Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na unatakiwa uwe umepita ifikapo tarehe 30 Juni. Mwezi Mei kamati ya fedha hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni ya umma, ikitaja anwani na siku ya mwisho. Tangazo hilo huwa dogo, katika kurasa za ndani ambazo wengi wetu huzifungia maandazi.