Msiniambie Nimepumzika

Nataka kugombana na neno moja. Neno lenyewe halina kosa, na waliolileta msibani kwangu walilileta kwa nia njema, pamoja na mchele na sukari. "Amepumzika," walisema, na hilo nililipokea, kwa kuwa ndivyo tunavyowasemea wafu wetu. Kisha wakashusha sauti: "Na wewe mzee, umepumzika." Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Mke wangu aliugua ugonjwa wa kusahau kwa miaka minne. Madaktari wanauita dimenshia. Mtaani kwetu Tanga watasema amerudia utoto, au hawasemi kitu, wanazungusha tu kidole karibu na sikio. Alifariki Jumanne asubuhi, baada ya chai. Hakuwa mahututi, hakulazwa, hakuna aliyeniambia nikae tayari. Moyo ulisimama, basi. Lakini kwa kuwa marehemu alikuwa na dimenshia, watu waliamua kwamba kifo chake si cha ghafla. Mwanamke wa miaka 66 akianguka na akili zake timamu, mtaa mzima unashtuka. Akianguka aliyesahau jina la mumewe, mtaa unashusha pumzi.

Wazee wenzangu nawasamehe haraka. Walionichosha ni wasomi. Mjukuu wa kaka yangu, kijana mwenye shahada na moyo mzuri, alinieleza kwamba nilishaomboleza mapema. "Babu, kisaikolojia hatua nyingi umeshazipita." Sikumfokea. Nimefundisha miaka 31, nimezoea kumwuliza mtu kalitoa wapi jambo lake, nikaenda kusoma mwenyewe.

Fikra ya kuomboleza mapema iliandikwa mwaka 1944 na Erich Lindemann, daktari wa magonjwa ya akili wa Boston. Mfano wake ni askari aliyerudi kutoka vitani akakuta mkewe hampendi tena, kwa sababu alikuwa ameshamlilia akamaliza. Miaka ya 1970 akaja Pauline Boss, aliyeanza na familia za marubani wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam, na baadaye akaigeukia dimenshia: mtu yupo kwa mwili, hayupo kwa akili. Namheshimu mama huyo, maana anasisitiza kwamba majonzi ya namna hii hayafungwi kama daftari. Ila kinachowafikia vijana wetu kupitia video za dakika moja ni kile kipande kidogo tu: "hayupo".

Sasa itazameni mifano yenyewe. Askari. Rubani. Watu walio mbali. Mke wangu hakuwa Vietnam. Alikuwa chumba cha pili, ananiuliza mwenye nyumba anarudi lini.

Hayupo nani? Asubuhi aliniamkia "Shikamoo", kama mzee mgeni aliyemkuta barazani kwake, na mimi, mumewe wa miaka 38, nikajifunza kuitikia "Marahaba". Mwanzoni iliniuma mno. Baadaye nikaona kwamba adabu ile ni yake ile ile niliyoioa. Sura yangu hakuijua, lakini alijua mtu anavyopokewa, alinisogezea kiti. Nikipika alisimama mlangoni akanionya kwamba tui zito nimelitia mapema, litakatika. Na lilikatika. Yasini aliisoma kwa moyo bila kuteleza, wakati chakula cha mchana alichokula saa moja iliyopita hakukikumbuka. Wataalamu wanajua hilo: mazoea ya mikono na yaliyoingia utotoni mara nyingi hudumu kuliko kumbukumbu za jana, maana ubongo hauweki kila kitu kapu moja. Sisemi alikuwa mzima. Kuna usiku alinipiga mwiko akidhani mimi mwizi, na kuna siku tulimkuta stendi ya mabasi akingoja gari la kwenda kwa mama yake, aliyefariki zamani. Nasema alikuwepo.

Na kwetu, swali la yupo au hayupo si la kunogesha semina. Oktoba 2021, Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Kilifi wazee wanakimbia makwao kwa sababu hiyo hiyo. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Sidai kwamba wote hao walikuwa na dimenshia. Lakini mzee anayetangatanga usiku, anayesema peke yake, anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Anayesema "huyu si mtu, ni mchawi" na anayesema "huyu alishakufa zamani, umebaki mwili" hawalingani kwa ukatili, mbali kabisa. Ila wote wawili wameanza kwa kumtoa mtu ndani ya mwili wake, na wa pili ana shahada.

Nilipokuwa namtunza, mtaani walisema nimelishwa limbwata. Mwanamume gani anafua kanga za mkewe, anamchana nywele, anamlisha uji? Hayo niliyacheka. Lililoniuma ni la siku ya msiba. Miaka minne nilimwogesha mimi. Nilijua maji ayatakayo yawe ya moto kiasi gani, nilijua bega la kushoto haliinuki. Alipofariki nikaambiwa nikae nje na wanaume. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, yanamruhusu mume kumwosha mkewe, na imepokewa kwamba Ali alimwosha Fatma. Nililisema hilo, kwa sauti ya chini kama inavyopasa siku hiyo. Bibi mmoja akanishika mkono: "Baba, umeshafanya ya kutosha. Pumzika." Neno lile tena, na safari hii limenifungia mlango.

Mjane ana eda, miezi minne na siku kumi, na watu wanajua wamfanyie nini. Mimi sidai eda. Sheria ni sheria. Lakini angalau asinijie mtu na jina la mchumba kabla ya arobaini, kama alivyokuja rafiki yangu mmoja, akihesabu kwa vidole kwamba kwa kweli mimi nina miaka minne bila mke. Nilimwuliza, hiyo miaka minne nililala na nani? Akanyamaza, akanywa kahawa yake.

Kwa hiyo kijana, ukienda kwa mtu aliyefiwa namna hii, mpe pole na ukae. Mwulize marehemu alikufa vipi, kama unavyowauliza wafiwa wengine. Mwulize mara ya mwisho alimwambia nini. Mimi aliniambia chai haina tangawizi, na kweli haikuwa nayo.

Kanga zake sijazigawa. Zimo sandukuni kama alivyozikunja mwenyewe wiki ile ile, pindo kwa pindo. Wanawake wa ukoo wameshaniuliza mara tatu zitatoka lini, nami nimewaambia wangoje.