Mtandao wa Shule Ugawanywe, na Daftari Lake Litunzwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya mtandao wa kompyuta wa shule yetu.

Wenzangu wataikumbuka siku ile mtandao ulipokufa kote, ofisini, maktabani na katika chumba cha kompyuta, mhasibu alipokuwa akipeleka majina ya watahiniwa. Vijana watatu wa kidato cha pili ndio waliotoka mwisho katika chumba cha kompyuta. Basi wakalimishwa shamba wiki nzima. Mimi ni kiranja, na majina yao niliyaandika mimi. Baadaye fundi aligundua kwamba mtu aliyefagia ofisi alikuta ncha ya waya imelala chini, akaichomeka ukutani kwa nia njema. Kumbe ncha ya pili nayo ilikuwa ukutani. Vijana wale hawakuwa na kosa lolote. Nimewaomba radhi, lakini adhabu ilikuwa imekwisha.

Je, waya mmoja uliwezaje kuangusha shule nzima? Waya zetu zote hukutana katika swichi. Kompyuta ikitoa mwito kwa wote, swichi huupeleka katika kila tundu. Waya ukifanya duara, mwito hurudi, hupelekwa tena, na tena, kwa sababu hauna hesabu ya kuukomesha njiani. Baada ya sekunde chache mtandao umejaa kelele tupu. Na swichi yetu imeachwa kama ilivyotoka kiwandani: matundu yote 24 yamo katika mtandao mmoja, namba 1.

Maoni yangu ni kwamba yafaa tuigawanye. Swichi ile ile huweza kufanywa mitandao pepe kadhaa, ambayo mafundi huiita VLAN. Kwa mfano, matundu 1 hadi 8 yapewe ofisi, namba 10. 9 hadi 20 yapewe chumba cha kompyuta, namba 20. 21 hadi 23 yapewe maktaba, namba 30. Tundu la 24 liwe la waya mkuu uendao kwenye swichi ya pili. Humo kila ujumbe hutiwa alama ya namba yake, kwa kanuni ya 802.1Q iliyotolewa mwaka 1998. Mwito wa chumba cha kompyuta hautaingia tena ofisini. Anayetaka kuvuka atapita kwenye ruta, na hapo ndipo pa kuweka bawabu.

Lakini kugawanya peke yake hakutoshi. Duara ndani ya mtandao pepe mmoja litauangusha huo mmoja, na laweza kuujaza waya mkuu. Kwa hiyo iwashwe pia kinga ya duara, ile aliyoibuni Bi. Radia Perlman mwaka 1985, ambayo huifunga njia ya ziada. Tena saa ya swichi irekebishwe, na kila asubuhi mtu asome hesabu za kila tundu: miito mingapi, makosa mangapi, tundu gani lilizimika saa ngapi. Siku ile, hesabu hizo zingalituonyesha matundu mawili ya ofisi kabla sijashika kalamu.

Wako wenzangu wasemao kwamba kugawanya ni ubaguzi, na kuangalia ni upelelezi. Siafiki la kwanza. Jiko lina ukuta na bweni lina ukuta, wala hakuna anayelalamika. Na alama zetu za mtihani hazifai kukaa mtandao mmoja na michezo yetu. La pili lina ukweli ndani yake. Hesabu za tundu husema ni kiasi gani kimepita, hazisemi kimeandikwa nini. Lakini swichi huweza pia kunakili kila kipitacho tundu moja na kukipeleka tundu jingine. Jambo hilo lisifanywe bila ruhusa ya Mkuu wa Shule iliyoandikwa, na sisi sote tuijue sheria hiyo.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlitupa swichi hizi, nasi twashukuru. Sasa twaomba siku mbili zenu mje mtufundishe kuzipanga, kisha tuachieni daftari tuliandike wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa wetu tumekwisha uona, na waliolipa ni watoto watatu wasio na hatia.

Ni mimi mwenzenu,
Kiranja wa chumba cha kompyuta