Wasifu wa Kocha na Yale Usiyoyasema

Kila ifikapo miezi ya Juni na Julai, vyuo vikuu vingi vya Marekani huwafungulia viwanja vyao watoto wa umri wa shule waje kufunzwa soka kwa siku kadhaa, kwa malipo. Kambi hizo huendeshwa na makocha wa vyuo vyenyewe, na aghalabu kitu cha kwanza anachopewa mzazi kusoma ni wasifu wao: walichezea wapi, wana shahada gani, wametwaa vikombe vingapi. Wasifu huo ndio humfanya atoe fedha. Je, unamweleza nini hasa?

Neno lenyewe "kocha" lina historia ya kuchekesha. Asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Waingereza walilichukua kwa maana hiyo ya gari. Kisha, katika karne ya 19, wanafunzi wa Oxford wakamwita hivyo, kwa utani, mwalimu wa faragha aliyewabeba hadi ng'ambo ya mtihani. Wanamichezo walilipata baadaye. Hivyo basi, ndugu zetu wa Tanzania wanapomwita kocha "mwalimu", wanamrudishia cheo chake cha zamani, nami nawaunga mkono.

Tukimpima kwa cheo hicho, wasifu husomeka vingine. Anson Dorrance, aliyeifundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu 1979 hadi alipostaafu mwaka wa 2024, alizaliwa Bombay, akalelewa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, kwa kuwa babake alikuwa mtu wa kampuni ya mafuta. Alisomea Kiingereza na falsafa, akaanza sheria, akaiacha. Timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo mara 22, naye akaiongoza Marekani kulinyakua Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, nchini Uchina, mwaka wa 1991. Sigi Schmid, mzaliwa wa Ujerumani, alichezea UCLA, lakini taaluma yake ilikuwa uhasibu. Akirudi hapo kama kocha alitwaa ubingwa mara 3. Msomaji wa karatasi asingeyaona hayo yakija.

Wala asingeyaona ya Jorge Salcedo. Huyu alikuwa katika kikosi cha UCLA kilichotwaa ubingwa wa 1990, akacheza ligi ya kulipwa, na kuanzia 2004 akaifundisha timu hiyo hiyo. Wasifu ulioje! Mwaka wa 2019 alishtakiwa katika kashfa ya hongo za kuingizia watoto wa matajiri vyuoni. Mwaka uliofuata alikiri kosa, na 2021 akahukumiwa kifungo cha miezi 8. Alikuwa amepokea dola 200,000 ili wanafunzi wawili waingie chuoni kwa jina la uanamichezo wasiostahili.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, zataka kambi iwe wazi kwa yeyote, madhali umri unafaa na nafasi ipo. Lakini anayemfunza mtoto leo ndiye atakayechagua kikosi kesho, na mzazi anayelipia mafunzo huenda moyoni analipia mlango. Mtu mwenye funguo mbili namna hiyo hatoshi kupimwa kwa vikombe.

Kwetu Kenya, mwalimu wa darasani sharti asajiliwe na TSC. Kocha wa kambi ya likizo, anayeshinda na watoto hao hao kutwa nzima, mara nyingi huulizwa tu alichezea klabu gani. Mwalimu mkuu anayeombwa uwanja wa shule ana kila haki ya kudai kwanza cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, kisha apewe majina ya vijana watatu au wanne waliowahi kufunzwa na mtu huyo, azungumze nao na wazazi wao, kocha mwenyewe akiwa hayupo.