Wimbi Huchukua Nini?

Mvuvi aketiye katika ngalawa iliyotia nanga huona jambo ambalo wengi hulitazama bila kulifikiri. Wimbi huja, chombo hupanda. Wimbi hupita, chombo hushuka, nacho kipo palepale. Kifuu cha nazi kieleacho kando yake hufanya vivyo hivyo. Kama maji yenyewe yangesafiri pamoja na wimbi, kifuu kile kingefika pwani zamani.

Basi kisafiricho ni nini? Ni nguvu. Maji husukuma maji yaliyo jirani, kisha hurudi karibu na mahali pake. Mfano wake ni watu waliojipanga safu wakipokezana debe ili kuzima moto: debe hufika penye moto, na kila mtu hubaki aliposimama. Ndivyo mlio wa ngoma upitavyo hewani, na ndivyo tetemeko la nchi lipitavyo katika mwamba.

Tarehe 26 Desemba, 2004, ardhi iliyo chini ya bahari karibu na Sumatra, nchi ya Indonesia, iliinuka ghafula ikayasukuma maji yaliyo juu yake. Nguvu hiyo ikaivuka Bahari ya Hindi kwa mwendo wa maili 400 na zaidi kwa saa. Vilindini wimbi halikufika kimo cha mtu. Lakini penye maji haba mwendo ulipungua, na nguvu iliyokuwa imeenea katika kina kirefu ikabanwa mahali padogo. Wimbi likainuka kama ukuta. Watu zaidi ya 220,000 walikufa.

Mchana wa siku ile wimbi lilifika Afrika Mashariki, maili zaidi ya 3,000 kutoka lilikoanzia. Somalia walikufa watu karibu 300. Kenya alikufa mmoja, kwa maana nguvu ilikuwa imepungua njiani, na polisi walikuwa wamewaondoa watu wengi ufuoni.

Pengine bahari yenyewe hutoa onyo. Maji yakipwa ghafula si wakati wake, samaki wakaachwa mchangani, hiyo si bahati ya kitoweo. Ni bonde la wimbi lililotangulia, na kilima chake ki njiani. Mwenye busara huacha kapu lake, humshika mtoto mkono, akakimbilia mahali pa juu. Wala hashuki wimbi la kwanza likiisha kupita, kwani la pili laweza kuwa kubwa zaidi.