Ndala za Msimbati kwenda Ulaya: Ushuru sifuri, kikwazo ni kemikali

Pwani ya Msimbati hadi mdomo wa Mto Ruvuma ina malighafi ya bure: ndala zinazoletwa na maji. Mkondo unaovuka Bahari ya Hindi hugonga bara jirani tu na hapo, karibu na Rasi ya Delgado, hivyo taka nyingine huenda zimetoka mbali sana.

Kenya wameshaonyesha kuwa biashara ipo. Ocean Sole hugeuza ndala za ufukweni kuwa vinyago vya wanyama vinavyouzwa hadi nje.

Na soko la Ulaya liko wazi kwa ushuru. Chini ya mpango wa EBA, bidhaa za Tanzania, isipokuwa silaha, huingia bure.

Shida inaanza mnunuzi akiuliza: ndani kuna nini?

Sheria ya REACH, iliyoanza 2007, inambana mwagizaji aliyeko Ulaya, si fundi wa Mtwara. Ila mwagizaji hataki kesi, kwa hiyo swali linarudi kwa fundi.

Mfano ni thaleti, kemikali za kulainisha plastiki ya PVC. Tangu Julai 2020, nne kati yake kwa jumla hazitakiwi kufikia asilimia 0.1 ya uzito wa plastiki iliyolainishwa, kwenye bidhaa nyingi za matumizi ya nyumbani. Kipande kibaya hakifichwi na vizuri vilivyokizunguka.

Kiwandani, sampuli moja hutosha kusemea mzigo mzima, maana mchanganyiko ni ule ule. Ndala za ufukweni? Kila moja na kiwanda chake. Cheti cha maabara cha kinyago kimoja hakisemi lolote kuhusu kinachofuata.

Kuuza mtandaoni hakukwepeshi. Tangu Desemba 13, 2024, bidhaa inayouzwa kwa mlaji wa Ulaya lazima iwe na mhusika aliyeko huko anayewajibika kwa usalama wake. Kwa kikundi kidogo, huyo ni gharama nyingine.

Kinachowezekana ni kuchambua: kung'oa mikanda, ambayo mara nyingi ni PVC, kubaki na soli za sponji, na kuachana kabisa na vichezeo vya watoto, ambako masharti ni makali zaidi.

Kwa kuanzia, hesabu rahisi iko Zanzibar. Mtalii akinunua kinyago kimoja na kukitia kwenye begi lake, hiyo si shehena ya biashara.