Mgonjwa Anangoja Hodi



Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani si vyema katibu wa msikiti awausie wenzake jambo ambalo yeye ameshindwa kulitekeleza.

Mwezi wa Julai, wakati baridi ya hapa Karatu ilipokuwa kali na ukungu wa Ngorongoro ukitanda asubuhi, mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza alikosekana msikitini. Mjukuu wake alinipigia simu kunieleza kuwa babu anaumwa kifua. Nikatimiza wajibu wangu kama nilivyouelewa wakati ule: niliandika taarifa katika kundi letu la WhatsApp. Kabla ya Adhuhuri majibu yalikwishapita arobaini. "Allah amponye." "Shifaa, in shaa Allah." "Amin." Nilifurahi kuona waumini wanavyopendana, nikaendelea na shughuli zangu.

Siku ya sita nilikwenda nyumbani kwake, tena si kwa kumzuru. Nilihitaji saini yake katika waraka wa kamati. Nilimkuta sebuleni, amejifunika mablanketi mawili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Msikiti bado upo?"

Nilidhani ananitania. "Upo, mzee. Na waumini wote wanakuombea."

Akanitazama kidogo, kisha akauliza: "Wananiombea wapi?"

Nilitoa simu yangu ili nimwonyeshe. Hapo ndipo nilipoiona simu yake juu ya stuli: simu ndogo ya vitufe, ile tuiitayo kitochi. Hakuwa na WhatsApp. Maneno yetu yote yale hakuyaona hata moja. Kwa siku sita, mzee aliyekuwa akizunguka kuwajulia hali wagonjwa wa mji huu tangu mimi sijazaliwa, alilala akiamini kwamba amesahauliwa. Waraka niliurudisha mfukoni bila kuutaja.

Ndugu zangu, sisemi kwamba dua zile zilipotea. Allah ni Mwenye kusikia, na dua ya Muislamu kwa nduguye asiyekuwapo ina fadhila kubwa. Lakini kuombewa ni jambo moja, na kuzuriwa ni jambo jingine. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, kumzuru mgonjwa kumetajwa miongoni mwa haki tano za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, pamoja na kuitikia salamu, kusindikiza jeneza, kuitikia mwaliko na kumwombea rehema aliyepiga chafya. Haki ya mtu hailipwi kwa kitu kingine bila ridhaa yake.

Tazama pia kisa cha Sa'ad bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake. Alipougua Makka, Mtume (s.a.w.) alimwendea, akaweka mkono wake juu ya paji la uso wa Sa'ad, akampangusa uso na tumbo, na akamwombea shifaa. Bukhari amepokea kwamba Sa'ad aliendelea kusimulia miaka ya baadaye jinsi alivyokuwa bado anauhisi ubaridi wa mkono ule. Dua ile ilikuja pamoja na mkono. Simu zetu zinaweza kubeba maneno ya dua, ila mkono haziwezi kuubeba.

Wala sikusudii kuitukana simu, kwani ni neema. Wapo miongoni mwetu wenye jamaa waliohama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, kuanzia mwaka 2022. Wapo madereva na waongoza watalii wanaolala Serengeti siku nyingi mfululizo. Kwa hao, sauti ya simuni ni kuunga udugu, na asiyepiga ndiye wa kulaumiwa. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, ubani wa aliye mbali hufika kabla ya maziko, nayo ni kheri. Tatizo ni pale sisi tunaoishi mtaa mmoja na mgonjwa tunapojichukulia ruhusa ya msafiri. Aliye mbali ana udhuru wa umbali. Mimi, ambaye kutoka kwangu hadi kwa mzee yule ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nilikuwa na udhuru gani?

Baada ya hayo tulikubaliana katika kamati mambo matatu, ambayo huenda yakafaa msikitini kwenu. Kwanza, taarifa ya ugonjwa ikiwekwa katika kundi, iambatane na majina ya watu wawili watakaokwenda siku hiyohiyo. Wengine waombe dua, lakini wawili wale waende. Vivyo hivyo, akina mama wana zamu yao kwa wagonjwa wa kike. Pili, itangazwe pia kwa mdomo baada ya swala, kwa sababu wazee wengi hawamo katika makundi hayo. Tatu, mwenye kuzuru aizime simu mlangoni, asimpige mgonjwa picha, wala asikae hadi akawachosha wenye nyumba.

Nanyi wazazi, nendeni na watoto wenu. Mtoto ambaye hajawahi kushika mkono wa mgonjwa atajifunza wapi kuushika wetu tutakapolala sisi?

Mzee wetu amepona, Alhamdulillah, na amerudi safu ya kwanza. Saini nilikwishaipata. Jumatatu iliyopita aliniuliza kuhusu jirani anayeumwa mguu, kama nimekwenda. Nilikuwa nimeandika tu katika kundi. Akachukua fimbo yake, nami nikamfuata.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza haki za wenzao, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.