Mbwa wa Nyumbani: Achanjwe Nini Kwanza?



Swali la mwezi huu hatukuulizwa hospitalini. Tuliulizwa nje ya kanisa hapa Makutupora, baada ya Misa ya pili. Mama mmoja alituvuta kando akasema: "Mama nesi, mwanangu wa mjini katuletea mbwa, na karatasi yenye sindano na dawa nyingi. Fedha tuliyo nayo ni ya kitu kimoja, au viwili tukijibana. Tuchague kipi?" Waliokuwa karibu walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu ni swali ambalo kila nyumba yenye mbwa ingepaswa kujiuliza.

Jibu letu ni hili. Cha kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kila mbwa wa nyumba hiyo, mkubwa na mdogo, kila mwaka. Cha pili ni dawa ya minyoo. Mengine yaliyo kwenye karatasi ni mazuri, lakini yanaweza kungoja.

Tunalisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mtoto wa kiume, mchunga mbuzi. Wiki saba kabla ya hapo alikuwa ameumwa kidoleni na mtoto wa mbwa wa nyumbani kwao wakicheza. Jeraha lilikuwa dogo, likapakwa mafuta ya taa, likapona, watu wakasahau. Kisha kovu likaanza kuwasha, homa ikaja, na siku alipoletwa kwetu alikuwa akipewa kikombe cha maji koo linakaza na anakisukuma mbali. Tulijua mara moja. Dawa ya kumponya haikuwapo, na hata leo haipo: ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu wote hufa. Tulimpa dawa za kumtuliza, Padre akampa Mpako wa Wagonjwa, na siku ya tatu akafariki mama yake akiwa amemshika.

Tulipouliza habari za nyumbani, tuliambiwa kuna mbwa wawili wakubwa, na wote wamechanjwa. Yule mdogo aliachwa kwa kuwa "bado ni mtoto". Alikuwa amekufa siku chache baada ya kuuma, akatupwa porini.

Hapo ndipo penye kosa la nyumba nyingi. Siku ya chanjo watu huleta mbwa mkali wa kulinda na yule wa machungani, wanawaacha watoto wa mbwa nyumbani. Lakini ni nani anayechezewa, anayebebwa, anayetiwa vidole mdomoni na watoto wetu? Ni huyo mdogo. Siku ya chanjo ya kijiji, mlete hata kama hajafikisha miezi mitatu. Mwambie afisa mifugo umri wake, naye atakupangia lini arudiwe. Nasi wauguzi tuna lawama yetu. Kwa miaka mingi katika mafundisho ya kliniki tulihubiri chandarua na maji ya kuchemsha, mbwa hatukumtaja hata siku moja.

Wengine hutuambia mbwa akichanjwa hulegea, hawezi tena kulinda. Si kweli. Anaweza kupooza siku moja au mbili kwa sababu bega linamuuma, kama mtoto wako alivyolia usiku baada ya sindano ya kliniki. Baada ya hapo atambwekea mgeni kama kawaida.

Wengine husema dawa ni kuwapiga risasi mbwa wote wanaozurura. Hili nalo limejaribiwa mahali pengi na halikuondoa ugonjwa. Unaua mbwa wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia, na huenda katika waliouawa kuna waliochanjwa waliokuwa wanatukinga. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tazameni Pemba. Kwa kuchanja mbwa, kichaa cha mbwa kilikomeshwa kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, watu wakachanja upya, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Sisi huku hatuna bahari ya kutuzunguka, kwa hiyo kazi yetu ni kubwa zaidi: mbwa wa machungani hukutana porini na mbwa wa vijiji vingine, na mbweha pia.

Sasa dawa ya minyoo. Hii tunaipa nafasi ya pili kwa ajili ya watoto kuliko kwa ajili ya mbwa mwenyewe. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mbwa, hubaki kwenye vumbi la uani, na vumbi letu la Dodoma mnalijua. Mtoto anayetambaa huyala. Minyoo hiyo ikipotea njia mwilini inaweza kufika hata kwenye jicho. Mbwa mkubwa apewe dawa kila baada ya miezi mitatu, na watoto wa mbwa mara nyingi zaidi, kuanzia wiki ya pili ya kuzaliwa. Na kuna tegu mmoja wa mbwa ambaye dawa peke yake haimshindi, kama nyumbani mnachinja mbuzi na kumtupia mbwa ini au pafu lenye malengelenge ya maji. Humo ndimo mbwa anamopata tegu huyo, na mayai yake yakimwingia mtu, malengelenge yale yale humwota kwenye ini au mapafu, hadi kufanyiwa upasuaji. Yafukieni chini sana au yachomeni. Hilo halina gharama.

Jambo dogo, lakini tunaliona: wapo wanaomchoma mbwa sindano ya minyoo ya ng'ombe kwa kukisia kipimo. Mbwa wa kilo 15 si ndama. Mwulizeni mtaalamu wa mifugo kwanza.

Yaliyobaki kwenye karatasi ya yule mama yalikuwa chanjo ya distempa, ya pavo, na ya homa ya mgunda, pamoja na dawa ya kupe. Distempa na pavo haziambukizi watu, ila huua watoto wa mbwa wengi. Na distempa ndiyo iliyoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Homa ya mgunda tunaikumbuka kutoka Ruangwa mwaka 2022. Humpata mtu pia, kwa mkojo wa panya na wanyama wengine. Mwenye uwezo achanje zote. Asiye na uwezo asione aibu. Kinachotusikitisha ni kuona mbwa wa kizungu ndani ya geti anapata sindano zote, na mbwa wa kijana anayechunga mbuzi wa nyumba hiyo hiyo hana hata ile moja.

Mkiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mwenye chanjo, hata mtoto wa mbwa: osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, msipake mafuta ya taa wala pilipili, kisha njooni hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10, lakini msisubiri zipite ndipo mje. Sindano za mtu ni kadhaa, kwa tarehe zake, na gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile moja ya mbwa. Msikatishe katikati kwa sababu jeraha limepona.

Yule mama alichagua chanjo ya kichaa na vidonge vya minyoo. Kadi ya mbwa ameitia kwenye mfuko mmoja wa plastiki na kadi za kliniki za wajukuu, ili tarehe zisimpite.